Bwana Afya wa Nyenje

Mtu akikuambia kwamba Bwana Afya alikuwa mpole, ujue hakuwahi kupika mbele yake. Mimi nilipika mbele yake miaka tisa. Alikuwa mgumu, mwepesi wa hasira, mbishi hata kwa jambo ambalo mmekwisha kukubaliana, na kama ningezaliwa tena Kibondo ningeomba awe jirani yangu tena. Nasema hivyo mapema, atakaye asome na asiyetaka aache.

Jina lake silitaji. Alistaafu uofisa afya kabla sijamfahamu vizuri, lakini jina la kazi lilimganda, na watoto wa mtaani kwetu waliamini ndilo alilobatizwa. Kosa lake kwa watu lilikuwa moja tu: chakula alichokitilia shaka hakikupita mbele yake kwenda kinywani mwa mtoto au mgonjwa, aombe nani. Hakujali umekipata kwa jasho gani, wala mgeni anayekisubiri ametoka wapi. Jambo hilo lilimpotezea marafiki akiwa mzima, na mimi limenipotezea wangu, na hadi leo kuna wanaolisema vibaya sokoni. Ndiyo maana naandika.

Alianza na mikono. Ukimkuta njiani ukanyoosha mkono wa salamu, aliupokea kwanza kwa macho, akaukagua, kisha akakupa kifundo cha mkono wake uguse, kama mtu aliyetoka kula. Wageni waliona ni dharau. Akiingia uani kwako alisalimu kwa Kiha, "Mwakeye", huku tayari anatazama kama mtungi umefunikwa, kama ndoo ya maji imekaa chini au juu ya kigoda, na kuku wanapita wapi. Shingoni alining'iniza kipimajoto cha chuma chenye uso wa duara, amekifunga kwa kamba ya kiatu, na watoto walikuwa wakimwuliza ni saa ngapi. Aliwajibu kwa nyuzi joto.

Misemo yake ilijulikana kuanzia sokoni hadi hospitalini. Mtu akisema chakula hiki kizima, mbona hakinuki, alimjibu kwamba pua ni shahidi anayechelewa kufika. Mtu akilaumu inzi, alisema mdudu hana kosa, kosa ni la mkono. Na uliokuwa mpendwa wake kuliko yote, ambao aliwahi kuusema hata kanisani kwenye chakula cha sikukuu, mchungaji akiwa amesimama na sahani yake, ni huu: moto si malaika. Alimaanisha kwamba watu wa kwetu tunaamini kitu kikishapita motoni kimetakasika, na baada ya hapo tunakiweka popote na kukishika kwa vyovyote. Yeye moto aliuheshimu, lakini hakuusujudia.

Alipostaafu, watu walitegemea atulie na maharage yake na migomba yake. Badala yake akaanza kufuga nyenje, wale wale wanaolia nyuma ya mitungi jioni ikiingia. Alinunua mabeseni makubwa ya plastiki, akapanga ndani yake trei za mayai wapate mahali pa kujificha, akafunika kwa chandarua, na miguu ya meza akaisimamisha ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Mwaka wa kwanza makopo yalikauka siku mbili tu alipokwenda msibani Kasulu, siafu wakapanda, na aliporudi alikuta trei tupu. Hakumwambia mtu. Tulijua kwa sababu tulimwona akipiga deki chumba kizima kwa maji ya moto, akianza upya.

Ungewasikia watu walivyomcheka. Kwamba aliyetufukuzia inzi maisha yake yote leo anafuga wadudu. Kwamba pensheni imemchanganya. Yeye alijibu kwamba inzi anakuja bila kualikwa akitoka usikokujua, lakini nyenje wa kwake anajua wamekula nini, wamelala wapi na nani amewagusa, na hebu mwenye kuku mmoja Kibondo nzima aje amwambie hayo kuhusu kuku wake. Hakuna aliyekuja.

Kulikuwa na mkutano wa kata, mkubwa mmoja akasimama kusema kwamba habari za kula wadudu zinatuaibisha, watu wa nje watasema Kigoma kuna njaa. Bwana Afya hakungoja kupewa ruhusa. Alisema mvua ya kwanza ikinyesha anawaona wote pale walipo, na mkubwa mwenyewe akiwamo, na ndoo na taa wakigombania kumbikumbi kwenye vichuguu, na hajawahi kuona mtu akiona aibu. Aibu, alisema, ni kumlisha mtoto kitu usichojua kimepitia wapi, hata kiwe nyama ya ng'ombe. Akakaa. Mkubwa yule alikohoa, akahamia ajenda ya barabara.

Nimesema alikuwa mbishi. Niseme pia alikuwa na kasoro zake, nisije nikaonekana namchonga sanamu. Huyu huyu aliyekataza mtoto kula embe bila kuliosha, msimu wa kumbikumbi alichuchumaa kichuguuni na kuwala wabichi, mmoja baada ya mwingine, mabawa akiyapuliza pembeni. Nilimkamata. Aliniambia bila haya kwamba tumbo lake ni mali yake na ana haki ya kulifanyia ujinga, ila hana haki hiyo kwa tumbo la mwenzake. Pombe ya ndizi alikunywa chunguni pamoja na wazee wengine, lakini mrija wake aliutoa nyumbani, umefungwa kwenye karatasi, kwenye mfuko wa shati. Wenzake walimtania kwamba mrija unakutana na mirija mingine humo humo chunguni. Alikubali ni kweli, akaendelea kunywa.

Na alijua kuinama. Tulikwenda naye siku moja kwenye gulio la karibu na Nyarugusu, ambako wakimbizi wa kambini na watu wa vijijini huuziana. Mama mmoja Mkongomani alikuwa akiuza viwavi wa kukaanga, sufuria ndogo juu ya jiko dogo. Bwana Afya akamsogelea na kipimajoto chake, akaanza maswali, sauti ile ile ya ofisini. Mama yule alimtazama juu mpaka chini.

"Papa, mimi napikaka kidogo-kidogo," alisema. "Inaisha, napika ingine. Ya jana siwezi kukuuzisha, hata ulipe double. Weye ungeuzisha?"

Bwana Afya alivua kofia. Njia nzima ya kurudi alikuwa akirudia maneno ya yule mama kama mtu anayejifunza wimbo, na toka siku hiyo akifundisha alisema kuna profesa wa kike Nyarugusu.

Alivyotufundisha sisi ni hivi. Tulikuwa wanawake saba, tuna kikundi cha unga wa lishe, wa mahindi na karanga, na tulitaka kuongeza kitu cha kuwajenga watoto. Mwenyekiti alikuwa Mama Deo, mwanamke shupavu ambaye wazazi wake walitoka Burundi na kufungua shamba kwa mikono mitupu. Mimi nilikuwa katibu. Wananiita Mama Furaha. Bwana Afya alitupa mayai ya nyenje kwenye bakuli lenye udongo mbichi na akatupa sheria zake, ambazo hazikuwa nyingi. Pumba za kuwalisha ziwe kavu. Zikionyesha ukungu usizichekeche, zitupe, maana sumukuvu haichekecheki. Siku moja kabla ya kuvuna waondolee chakula, matumbo yao yasafike, kwa sababu unawala na matumbo yao. Chombo kilichobeba nyenje hai kisibebe waliopikwa. Wachemshe, na uhesabu dakika tangu maji yanapotokota tena, si tangu unapowatia. Na wakitoka majini waende moja kwa moja kukauka. Hapo alikuwa anainua kidole. Kati ya sufuria na kukauka hakuna kituo.

Sheria zile nne za kwanza tulizishika. Ya tano tuliivunja, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu wanaotucheka hawajawahi kuishi kwetu.

Kwetu muhogo ukishalowekwa hauanikwi pale pale. Unaurundika, unaufunika kwa majani ya mgomba, unaacha upate joto lake na kulainika, ndipo unautoa juani. Tunaita kuvundika. Unga wake unakuwa mweupe na ugali wake una ladha ambayo mtu wa mbali haijui. Mama zetu walivundika, na bibi zao walivundika. Mkono wa mwanamke wa kwetu, ukikuta chakula kilicholowa na jua halipo, hauulizi. Unatafuta majani ya mgomba.

Siku hiyo tulikuwa tumechemsha mavuno yetu makubwa kuliko yote. Mfanyabiashara wa Kasulu, Bwana Hamisi, mtu wa duka la nafaka mwenye asili ya pwani na lugha laini, alikuwa amekubali kuchukua unga wetu. Angeuuza kwa akina mama ambao watoto wao wamepungua uzito, na kwa kituo kimoja cha kulelea watoto. Ilikuwa mara yetu ya kwanza unga wetu kutoka nje ya Kibondo. Alisema atakuja kesho yake adhuhuri. Nasi kukaushia kwetu kulikuwa kwa jua tu, chanja za waya zilizofunikwa nailoni. Tulipoepua sufuria ya mwisho, mvua ikashuka. Haikukatika mpaka giza likaingia.

Mama Deo ndiye aliyesema tuwavundike, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyepinga. Tuliwarundika wakiwa bado na joto, mabeseni manne, tukafunika kwa majani ya mgomba vizuri kabisa, tukaenda kulala tukiwa tumeridhika. Asubuhi tuliwafunua. Walikuwa laini, wana joto kidogo, wananukia karanga mbichi. Tukawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wakavu wanavunjika kwa vidole, tukawarudisha kwenye mabeseni, tayari kwa mashine ya kusaga.

Ndipo akaja Bwana Afya. Hakutazama mabeseni kwanza. Alitazama uwanja ulivyolowa. Akaniuliza mimi tuliwakaushia wapi. Nikamwambia, juu ya moto wa jikoni, tangu jana ile ile. Nilidanganya bila kupepesa. Akachukua mwiko, akawapekua taratibu, na kutoka chini ya beseni la tatu akavuta kipande cha jani la mgomba, kirefu kama kidole, kimekauka. Akakiweka kiganjani mwangu.

"Walilala chini ya hili?"

"Ndiyo."

"Oya," alisema, neno letu la Kiha la kukataa, na akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyefika anakokwenda.

Mama Deo alimjia juu. Alisema tumewachemsha, tumewakaanga, ni kidudu gani kitapona moto mara mbili, na kama kuvundika kunaua basi Waha wote wangekwisha zamani. Bwana Afya hakupaza sauti siku ile, jambo lililotuudhi zaidi. Alieleza kwamba muhogo ukivundikwa unachachuka, na ule uchachu ndio unaoulinda. Nyenje hachachuki, yeye ni nyama. Kuna vijidudu, alisema, vinavyotoka kwenye udongo na pumba, ambavyo vikiona maji ya moto vinajifunga kama mbegu. Unachemsha, wenzao wote wanakufa, wao wanabaki na shamba lote peke yao. Ukiwapa unyevu na joto la majani usiku kucha, mbegu zinaota, zinazaana, na vingine vikizaana vinaacha sumu ambayo ukikaanga haiungui. Mtu mzima atatapika siku moja na kusahau. Lakini unga huu hauendi kwa mtu mzima.

"Unamwendea mtoto aliyebaki mifupa," alisema. "Huyo hana cha kutapika."

Bwana Hamisi alifika wakati huo huo, na magunia yake matupu begani. Alisikiliza pande zote kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee wangu, mimi mfanyabiashara, si tabibu. Hao wenye mali wakinambia ni salama, nachukua, na dhamana iwe yao."

Bwana Afya akanionyesha mimi kwa kidevu. "Muulize katibu wao. Ndiye anayeandika."

Wote wakanigeukia. Mama Deo alinikazia macho ambayo mpaka leo nayaona. Nilikuwa na jibu moja la kweli na jibu moja la kirafiki, na sikuwa na ujasiri wa lolote kati yake. Nikainama nikaanza kuokota majani yaliyoanguka chini. Bwana Hamisi alingoja kidogo, akakunja magunia yake, akatuaga kwa upole, akaondoka. Kile kimya changu ndicho ninachokionea haya katika habari hii yote. Sikukataa na sikukubali. Nilimwachia mzee abebe peke yake.

Alichimba shimo yeye mwenyewe, nyuma ya choo, kwa jembe letu, na umri ule. Hakuna aliyemsaidia. Alimwaga beseni moja moja, akatia majivu, akafukia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akashika baiskeli yake akaenda.

Sasa watu wakipenda hadithi ziishe vizuri, hapa wangetaka niseme baadaye ilithibitika kwamba alikuwa sahihi. Haikuthibitika. Mama Deo alikuwa amechota bakuli kabla ya shimo, na wiki iliyofuata, mbele ya kikundi kizima na mbele ya Bwana Afya, alitangaza kwamba amekula lote yeye peke yake na hakuumwa hata kichwa. Alisimama katikati akajizungusha tumtazame. Wanawake wakapiga makofi.

Bwana Afya alimwambia kwamba anafurahi kumwona mzima, na furaha yake ilikuwa ya kweli, nilimwona usoni. Kisha akasema mtu akivuka barabara ya Nyakanazi amefumba macho na asigongwe na lori, hajathibitisha kwamba malori hayapiti. Makofi yakaisha. Lakini hakuna aliyemtetea, na mimi nikiwamo. Ilisemwa kwamba alituonea wivu kwa sababu tulivuna kuliko yeye. Ilisemwa alitumwa na washindani. Wawili kati yetu waliacha kikundi. Miezi mitatu mizima sikumsalimia, na tulikuwa tunachota maji kisima kimoja.

Hii ndiyo dhuluma ya kazi yake, na ninaposikia watu wakisema Bwana Afya alikuwa mkorofi, hasira inanipanda. Daktari akimponya mtoto, mama anamletea jogoo. Aliyezuia mtoto asiugue anapewa nini? Watoto wasiougua hawana majina. Hawajui hata kwamba kulikuwa na siku ya wao kuugua. Yeye alijua hivyo tangu ujana wake na akaendelea kufanya kazi hiyo hiyo bila jogoo.

Mwezi wa nne nilifungua mlango asubuhi nikakuta kitu kama kabati langoni. Lilikuwa tanuri la kukaushia, amelitengeneza mwenyewe kwa mabati ya madebe, lina nafasi ya jiko la mkaa chini na chanja sita juu, na bomba la kutolea mvuke. Hakuomba radhi, na hakudai radhi. Alikuwa amefunga karatasi yenye maneno mawili: *Mvua itarudi.* Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Nilimwambia kwamba nilidanganya kuhusu moto wa jikoni, na kwamba kunyamaza kwangu mbele ya Bwana Hamisi kulikuwa uongo wa pili. Alisema anajua. Akanipa kifundo cha mkono.

Bwana Hamisi naye alirudi, baada ya muda mrefu, akaanza kuchukua unga kidogo kidogo, na hajawahi kusema kilichomrudisha. Mama Deo alihamia kwa mwanawe Kakonko bila kumsamehe mzee. Alimpenda zamani kama baba, na nadhani ndiyo sababu.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, mvua zikiwa zimepamba moto. Alikuwa amepigwa kiharusi na binti yake alimchukua akamuuguze kwake Kitanga, kule wilaya ya Kasulu. Kwa sasa mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi, na niliona haifai mtu huyu afe bila kuonja unga tunaouuza. Nilibeba mfuko uliosagwa wiki ile ile. Nilipanda basi hadi Kasulu, mkoba ukiwa juu ya paa mvuani, nikalala kwa wifi yangu, kesho yake nikachukua bodaboda, na mvua ilitunyeshea njia nzima, mkoba umefungwa nyuma kwa mpira.

Nilimkuta kwenye godoro karibu na dirisha. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala. Alinitambua. Binti yake, mwanamke mwema aliyekonda kwa kuuguza, aliniambia pembeni kwamba baba hajala siku ya nne. Maziwa anatema, mchuzi anatema, ndizi hataki hata kuziona. Nikamwambia mzee nimemletea unga wa lishe, wa nyenje wetu. Akanyanyua mkono wa kushoto.

"Nipikie huo," alisema. Maneno yalitoka taratibu lakini yalisikika.

Binti yake alifunika mdomo kwa furaha. Alikimbia kuweka sufuria jikoni, na mimi nikamfuata nikifungua mkoba. Mfuko wa unga ulikuwa umepasuka kwenye kona. Ndani, unga ulikuwa umeshikana mabonge mabonge, mengine ukubwa wa harage, na nilipoingiza kidole katikati nilikuta joto la uvuguvugu. Ulikuwa umelowa tangu jana. Harufu ilikuwa nzuri.

Nilimwambia binti asubiri, unga huu haufai. Alitazama ndani akasema ni maji ya mvua tu, atachekecha, na kwa vyovyote utachemka. Nikasema hapana. Akanikumbusha siku nne. Nikasema nimesikia, tumpikie uji wa mahindi matupu. Akasema mzee hataki mwingine, umemsikia mwenyewe kwa masikio yako, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka. Niliona si haki yeye kubeba neno hilo. Nikarudi chumbani nikapiga magoti kando ya godoro.

"Mzee wangu, unga umelowa njiani. Sikupikii."

Alinitazama. "Kidogo tu," alisema. "Mwanangu, kidogo."

"Sikupikii. Nitakuletea mwingine."

Alinitazama kwa muda mrefu, na watu wakinihurumia huwa wananiambia kwamba bila shaka alikuwa akinipima, kwamba moyoni alijivunia mwanafunzi wake. Mimi ndiye niliyekuwepo. Sikuona fahari wala baraka katika macho yale. Niliona mtu mwenye njaa. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilikwenda kuumwaga unga chooni mimi mwenyewe. Binti yake alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama. Nilipoaga hakunisindikiza hata hatua moja, na kwetu mgeni asiyesindikizwa anajua maana yake. Nilitembea peke yangu kwenye matope hadi barabarani, na niliposimama kungoja bodaboda ndipo nilipolia.

Siku ya tano nilirudi, na unga mkavu ndani ya nailoni mbili ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nilikuta turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Alikuwa amefariki usiku wa kuamkia jana yake. Uji wa mahindi hakuugusa. Niliweka ndoo yangu upande wa jikoni, nikakaa na wanawake, na wale walioketi karibu yangu wakasogea kidogo, wakaacha nafasi.

Habari ilifika Kibondo kabla yangu. Wanasema nilimnyima Bwana Afya uji wake wa mwisho, mtu aliyenifundisha kazi, akiniomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ni kweli, aliniomba, na nilimnyima. Unga ulikuwa umelowa.